Kisanduku cha Kumi na Nne

Kila mtu kwenye ghorofa ya sita alitaka kumsifia Des Penfold, na Sajini wa upelelezi Ngaire Whaanga alikuwa ameanza kuchoka kusikia. Tangu asubuhi alikuwa amehoji watu tisa, na wote tisa walimwambia neno lile lile: bila Des, Sefina angekufa.

Des mwenyewe alikuwa amesimama kwenye korido iliyonuka masizi, amevaa kizibao cheupe cha msimamizi mkuu wa kuwatoa watu moto ukitokea. Kizibao kilikuwa kimepigwa pasi, ingawa siku hiyo hapakuwa na cha kusimamia. Alikuwa karani wa masjala, mtu mrefu wa miaka sitini na tatu, mmoja wa wale wanaokujibu kabla hujamaliza kuuliza.

"Nionyeshe Sefina alivyopita," Ngaire alisema.

"Alivyopita yeye au alivyopitishwa na simu? Maana siku hizi ni mambo mawili."

"Nionyeshe tu, Des."

Akamwonyesha. Dawati la Sefina Laulu, mfasiri wa Kisamoa wa ofisi ile ya mashauri ya wapangaji, lilikuwa katikati ya ukumbi. Ngazi alizozizoea, za magharibi, zilikuwa hatua ishirini tu kutoka kitini pake, baada ya jiko la ofisi. Juzi Jumatano, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, tosta ya jikoni ilishika moto, moto ukapanda kabatini, na upande wote wa magharibi ukajaa moshi. Sefina hajaona kitu tangu azaliwe. Alivaa kisikilizio chake sikioni, akaiachia simu imwongoze, kama alivyofundishwa.

Simu ilikuwa imeshaambiwa na king'ora cha jengo ni wapi panapowaka, kwa hiyo ikamgeuza mashariki, upande ambao hakuwahi kuukanyaga. Huko kote kulikuwa na visanduku vyeupe vya plastiki, vidogo kama kiberiti, vimebandikwa kwenye fremu za milango kwa kimo cha bega. Kila kisanduku hujitaja kwa namba yake kwa mawimbi yasiyosikika na sikio la mtu, na simu kwa kuzisikia namba hizo hujua mwenye simu amefika wapi. Iliposikia namba kumi na nne ikamwambia Sefina: mlango wa ngazi uko mbele yako, sukuma.

Akasukuma. Akanyoosha mguu kutafuta ngazi ya kwanza, akajikwaa, akaenda chini mzima mzima. Haikuwa ngazi, ilikuwa stoo ya karatasi, mlango wa jirani. Mguu ulivunjika, maboksi yaliyokuwa hayajafunguliwa tangu ofisi ihamie yakamwangukia, simu ikaingia chini ya rafu, na moshi ukaanza kupenya chini ya mlango. Alikaa humo dakika kumi na saba.

Ngaire alisimama katikati ya ile milango miwili. Kati yao palikuwa na mita tatu, hazizidi. Visanduku vyenyewe alikuwa navyo mfukoni, kila kimoja kwenye mfuko wake wa ushahidi. Kile kilichotolewa kwenye mlango wa ngazi kilikuwa na stika namba 14, cha stoo namba 15, sawasawa na ramani. Maji ya zimamoto yalikuwa yameviua vyote viwili, na mafundi walishindwa kuvifufua. Maabara nayo ilikuwa imepata alama za vidole za watu kumi na watatu, kwa sababu siku ya uzinduzi nusu ya ofisi ilivishikashika kwa udadisi.

Stika ziko mahali pake, kwa hiyo simu ndiyo iliyokosea. Hivyo ndivyo kamati ya wenye majengo ilivyokwisha kuamua moyoni, na ilibaki kupiga kura tu. Kikao kilikuwa leo Ijumaa, saa tisa alasiri. Kura ikipita, visanduku vingebanduliwa kwenye majengo arobaini ya Wellington, na kila kipofu aliyekuwa akishuka mwenyewe angerudi kungoja mtu wa kumshusha.

"Kwenye orodha yako ya wanaohitaji kusaidiwa," Ngaire alisema, "jina la Sefina limekatwa."

"Sikulikata mimi. Alilikata mwenyewe, wiki tano zilizopita, tulipohamia hapa." Des alikunja mikono kifuani. "Kule jengo la zamani, kabla wahandisi hawajalikataa kwa ajili ya matetemeko, alikuwa wangu. Miaka kumi na moja. King'ora kikilia, mimi niko mezani kwake, yeye yuko kiwikoni kwangu, ngazi sabini na mbili mpaka barabarani, namhesabia moja moja. Hata siku moja hakujikwaa. Halafu akaja yule binti Aparna na vidude vyake. Picha, hotuba, tuzo. Sefina akajaza fomu: nitajitegemea. Mimi nikaambiwa nisihangaike kumtafuta tena."

"Iliuma?"

"Iniume nini? Ningependa tu siku moja wamkumbuke aliyekuwa akiifanya kazi hiyo bure kabla simu haijazaliwa."

Alisema akitabasamu, ila tabasamu lilikuwa limebana. Ngaire alilitambua. Alikuwa amelivaa yeye mwenyewe mwaka jana, wiki nzima, mwenzake alipopewa cheo alichokuwa amekisubiri yeye.

"Na moto ulipoanza ulikuwa wapi?"

"Nimetoka kufuata keki. Saa tano tulipaswa kuwa na zoezi la moto, na baada ya zoezi lazima iwepo chai. Usipowaahidi chai hawa watu watabaki mezani wakisingizia kazi. Nafika kwenye kona na boksi langu, naona ofisi nzima iko barabarani, naangalia huku, naangalia kule, Sefina hayupo." Akageuka kutazama ukutani. Ngaire hakuona unafiki wowote katika huzuni ile.

Kisha Des akafuta pua na kusema, "Kuna jambo sijui kama lina maana. Jumatatu alikuja kijana mmoja hapa. Alisimama pale pale uliposimama, anavipapasa hivyo visanduku. Namuuliza, ananiambia anaangalia kazi yake. Nimekuja kuuliza, kumbe hayupo tena kwenye kampuni ya Aparna. Strachan. Callum Strachan."

Ngaire aliandika jina hilo na kulipigia mstari.

*

Callum Strachan alikuwa na karakana mtaa wa Newtown, kwenye gereji ya mtu, na siku hizo alikuwa akitengeneza rafu za bafuni. Alipoona kitambulisho cha polisi alizima mashine ya kukatia mbao, akajifuta vumbi usoni.

"Nimekuwa nikikungoja," alisema. "Jana sikulala. Nilijua lazima mtu atasema ni mimi."

"Kwa nini aseme ni wewe?"

"Kwa sababu nina wivu. Andika, dada, usione haya. Mimi na Aparna tulianza pamoja, jikoni kwake, tunakula tambi za pakiti. Yeye aliandika programu, mimi nikatengeneza visanduku. Tukagombana, nikaondoka. Miezi sita baadaye namwona kwenye gazeti ameshika tuzo, na jina langu halipo hata kwenye maandishi madogo. Unajua nilifanya nini? Nililinunua lile gazeti. Ninalo ndani."

"Jumatatu ulifuata nini kwenye jengo?"

"Nilitaka kuviona ukutani. Basi."

"Ukavigusa."

"Nikavigusa. Ningekuja kwenu kuwaomba kibali?" Alicheka kidogo, akaacha. "Yule mama anaendeleaje?"

"Anapumua kwa mashine ya oksijeni. Alivunjika mguu. Bwana Strachan, una chuki na kampuni, unajua visanduku vinavyofanya kazi, na ulikuwa mlangoni siku mbili kabla. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ningenikamata." Akavuta kiti, akakaa. "Lakini hebu nionyeshe picha."

Ngaire akamwonyesha kwenye simu picha za maabara. Callum alizitazama, akazikuza, akazitazama tena, halafu akatikisa kichwa.

"Zote za mbele. Chini hamkupiga?"

"Chini kuna nini?"

"Chini kuna kazi yangu." Alikuwa amechangamka ghafla. "Kila kisanduku kina namba mbili. Ya mbele ni stika, ya wenye macho. Ya chini ni nukta nundu, ya wanaosoma kwa vidole, kwenye ukingo ambapo kidole kinapumzika. Hizo hazibanduki, nilizigonga kwenye plastiki yenyewe, moja moja, visanduku mia mbili na kumi. Aparna alisema hazina haja, simu inatosha. Nikamwambia, simu ikizimika je? Tuligombania hizo nukta kuliko tulivyogombania kitu kingine chochote."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu akibandua viwili akavibadilisha, jicho lenu litagundua, maana stika zitakuwa zimekosea mlango. Atabandua na stika pia, azibadilishe. Hapo macho yenu yatatulia. Lakini nukta zitabaki zinasema ukweli." Alinyoosha mkono. "Nipe nivisome."

Ngaire alikuwa na visanduku mfukoni, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kwenda huko. Akaurudisha.

"Wewe ni mshukiwa," alisema. "Siwezi kukupa ushahidi wa kesi yako mwenyewe unisomee."

"Sawa. Basi mpelekee msomaji. Mnaye mmoja hospitalini."

*

Sefina Laulu alikuwa amekaa kitandani, mguu umening'inizwa, mpira wa oksijeni puani, na alikuwa akimkaripia muuguzi kwa ajili ya uji. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na miwili, mwenye ua la plastiki sikioni ambalo dada yake alikuwa amemletea ili aonekane mtu, si mgonjwa.

"Ni Ngaire," Ngaire alijitambulisha. "Polisi. Tulionana jana."

"Tulionana," Sefina akarudia, akacheka mpaka akakohoa. "Kaa, dada. Wanasemaje kuhusu simu yangu?"

"Wanasema ilikosea mita tatu."

"Haikosei mita tatu. Nimetembea nayo madukani, kwenye maktaba, uwanja wa ndege. Inanionyesha mpaka mlango wa choo." Alivuta pumzi, akapumzika, akaendelea. "Leo wanapiga kura, sivyo? Wakivitoa, mimi narudi kwenye kiwiko cha mtu. Unajua kiwiko kilivyo? Mwenye nacho akiumwa, hushuki. Akienda likizo, hushuki. Akinuna, unashuka umenuniwa."

"Nataka unisomee kitu." Ngaire akavitoa visanduku kwenye mifuko yake. Maabara ilikuwa imemalizana navyo. Hata hivyo alitoa glavu nyembamba, na Sefina alipoziona kwa vidole akazitupa shukani.

"Nikufunge kitambaa machoni, halafu nikwambie soma gazeti?"

"Haya, bila glavu. Hiki cha kwanza kilitoka kwenye mlango wa ngazi. Stika yake mbele inasema kumi na nne."

Sefina akakigeuza, akapitisha ncha ya kidole cha shahada kwenye ukingo wa chini. Akapitisha tena, polepole.

"Kumi na tano," alisema.

Ngaire akampa cha pili. "Hiki kilitoka kwenye stoo. Stika inasema kumi na tano."

"Kumi na nne."

Sefina hakuviachia visanduku. Alikuwa amekishika kimoja kila kiganja.

"Mtu alivibadilisha," alisema. "Akabadilisha na namba za macho, ili msione. Hizi za chini hakuzijua."

"Hakuzijua, au alizisahau?"

"Hasahau mtu anayezijua. Atakuwa aliona vipele akadhani ni urembo." Uso wake ulikuwa umebadilika. "Na mimi ningegusa. Huwa nagusa. Lakini nilikuwa na haraka, na sauti ilishasema ngazi."

Ngaire alisimama akaenda dirishani. Alifikiri kwa sauti, kwa sababu Sefina alikuwa na akili kuliko nusu ya kituo chake.

"Aparna alipita njia nzima Ijumaa iliyopita na simu mkononi, ilikuwa sawa. Strachan amezigonga nukta kwa mkono wake, asingeziacha. Aparna naye amezigombania na Strachan miaka miwili, anazijua. Anabaki mtu wa ofisini kwenu. Lakini kwa nini mashariki? Wewe ungeshuka magharibi, ndiyo ngazi zako. Huko mashariki simu isingekupeleka mpaka ngazi za magharibi zifungwe, na tosta hakuna aliyeipanga, zimamoto wana hakika."

"Palikuwa na zoezi saa tano," Sefina alisema.

"Palikuwa na zoezi."

Kisha Sefina akauliza, kwa sauti ndogo, "Aliyewaambia zimamoto nilipo ni nani?"

Ngaire alitoka akaenda koridoni, akampigia Aparna Nadkarni. Binti yule alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujipangia maneno ya kuomba radhi.

"Zoezi la Jumatano," Ngaire alimuuliza, "ulijua ngazi zipi zingefungwa?"

"Hapana, afande. Nilimwomba aniambie ili niandae programu, akakataa. Akaniambia zoezi linalojulikana si zoezi. Aliuandika mpango, akautia kwenye bahasha akaigundisha."

"Nani?"

"Mzee Des, nani mwingine?"

Bahasha hiyo ilikuwa kwenye gari la Ngaire, ndani ya sanduku la vielelezo, haijafunguliwa, kwa sababu zoezi lenyewe halikufanyika na hakuna aliyeona lina uhusiano. Alishuka maegeshoni, akaipasua mbele ya kamera ya simu yake kama utaratibu unavyotaka. Ndani mlikuwa na karatasi moja, mwandiko safi wa karani. Ngazi za magharibi: zimefungwa, moshi wa kudhania. Wote watumie mashariki. Halafu majina ya wasimamizi na mahali pa kila mmoja kusimama. Mstari wa mwisho ulisema: Msimamizi mkuu D. Penfold, mlango wa stoo ya karatasi.

Akafungua taarifa ya zimamoto, aliyokuwa ameisoma mara mbili bila kuiona. Mkuu wa kikosi alikuwa ameandika kwamba walipofika hakuna mfanyakazi aliyejua mama asiyeona yuko wapi, wengi walidhani ameshashuka. Ndipo akatokea mzee mwenye kizibao cheupe na boksi la keki, akawaambia waende moja kwa moja stoo ya karatasi, ghorofa ya sita, mashariki. Alirudia mara tatu. Wakaenda, wakamkuta.

Watu tisa walikuwa wamemsimulia Ngaire jambo hilo kama sifa, na hakuna hata mmoja, yeye mwenyewe akiwemo, aliyejiuliza Des alilijuaje.

*

Saa nane na robo Des aliingia wodini na supu kwenye chupa ya chai. Jana pia alikuwa amekuja saa hiyo hiyo. Alimwona Ngaire amekaa pembeni na daftari, akampa mkono, akaweka supu mezani na kuanza kulitafuta bakuli kana kwamba chumba ni chake.

"Nimekuletea ya malenge," alimwambia Sefina. "Mbele yako kuna bakuli, kulia kijiko. Nikushikie?"

"Najua kijiko kilipo, Des."

"Bwana Penfold," Ngaire alisema, "kabla hujakaa. Hulazimiki kusema chochote, na utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Unaweza kumwita wakili. Umenielewa?"

Des alisimama na kifuniko cha chupa mkononi. "Nimeelewa. Sijaelewa ya nini."

"Jumatano uliwaambia zimamoto waende stoo ya karatasi. Ulijuaje?"

"Nilibahatisha."

"Ghorofa ile ina vyumba thelathini na kimoja."

"Basi nilibahatisha vizuri. Simu yenyewe ni kimeo, nikafikiri itakuwa imempotezea hapo karibu na ngazi."

Sefina alinyoosha kiganja chake hewani, kisanduku kikiwa juu yake. "Nisomee hiki, Des."

Alikuwa amemwambia maneno hayo mara elfu, na Des akainama mara moja, kwa mazoea, akasukuma miwani. "Kumi na nne."

"Mimi nasoma kumi na tano."

"Hapana, mpenzi, ni kumi na..." Sefina alikuwa amekipindua kisanduku na kuweka kidole cha Des chini yake, kwenye vipele. Des alivipapasa kama mtu anayegusa jiko asilojua kama ni la moto.

"Miaka kumi na moja," Sefina alisema. "Umenisomea barua, menyu, dawa, kadi za Krismasi. Hukuwahi hata siku moja kuniuliza vidole vyangu vinasoma nini."

Des alikaa. Kiti kilikuwa nyuma kidogo kuliko alivyodhani, nusura akikose. Ngaire aliandika saa kwenye daftari na kungoja.

"Ningekuwa pale," Des alisema hatimaye, na alikuwa akimwambia Sefina peke yake. "Saa tano, mlangoni. Ungesukuma, ungekuta karatasi, ungeshtuka kidogo, basi. Ningesema, niko hapa. Ungenishika. Tungeshuka, wote wangeona. Nilivibadilisha Jumanne jioni, dakika tatu tu, nikasema kesho mchana navirudisha. Nani alijua mtu atachoma mkate saa tatu? Nilikuwa kwenye foleni ya keki, Sefina. Nilisikia magari ya zimamoto nikajua. Nimekimbia mpaka moyo ukataka kupasuka."

"Unaionea wivu simu," Sefina alisema.

"Ulikuwa ukicheka nayo. Inakwambia geuka kulia, na wewe unacheka peke yako kwenye korido. Na mimi hujawahi kucheka." Alifunika uso. "Naichukia ile sauti. Nimeichukia tangu siku ya kwanza. Sikuwa na kitu kingine, unanielewa? Nyumbani sina mtu wa kumhesabia ngazi."

Ngaire alimpigia Aparna hapo hapo, bila kutoka. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini na mbili.

"Uko mlangoni mwa kikao? Ingia. Waambie simu haikukosea. Visanduku vilihamishwa na mtu, ushahidi ninao, namba ya kesi nakutumia sasa hivi. Na waambie nukta za chini ndizo zilizotoa siri. Ndiyo, za Strachan. Umtaje jina."

Alipokata simu, Des alikuwa amesimama, amevua kizibao chake cheupe na kukikunja vizuri juu ya kiti. Aliinua mikono mbele kidogo, hajui kama atafungwa pingu. Ngaire alimwashiria aishushe.

"Umeacha supu ipoe," Sefina alisema.

"Nisamehe."

"Sijui. Kohoa kama mimi wiki mbili, halafu niulize tena." Alikuwa ameugeuza uso upande wa sauti ya Des. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Des. Kule jengo la zamani."

"Ndiyo."

"Ngazi zilikuwa sabini na moja. Ulikuwa ukikihesabu kibaraza cha ghorofa ya pili kama ngazi, kila mara."

Midomo ya Des ilianza kuzihesabu upya.

"Mwezi wa kwanza tu nilikuwa nimeshaijua njia," Sefina alisema. "Ningeshuka peke yangu nikiimba. Nilikushika kiwiko miaka yote ile kwa sababu ulikuwa ukifurahi sana kuhesabu."